Ruzuku ya sola: Tupime moshi, si mipaka ya kaunti

Msomaji, iwapo unaishi Nairobi, Mombasa au Nakuru, huenda jana usiku ulibonyeza swichi, taa ikawaka, nawe ukaendelea na shughuli zako. Katika kaunti ya Isiolo, ukishatoka mjini na kushika njia ya Garbatulla, Merti au Oldonyiro, zipo familia ambazo jua likitua hutegemea koroboi.

Ni kwa ajili ya familia kama hizo ambapo wanasiasa wetu wamekuwa wakivutana kuhusu nani astahili kusaidiwa kupata umeme wa jua. Mvutano huo huzungumzwa kana kwamba ni wa kugawana keki. Ukweli ni kwamba ni suala la mapafu ya watu.

Wanasayansi waliopima taa za utambi mwaka 2012 waligundua kuwa kiasi cha asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yanayoteketea humo hugeuka masizi. Masizi hayo huvutwa na mtoto anayesoma akiwa ameinamia taa, na mama anayenyonyesha katika nyumba isiyo na dirisha. Huwasha macho, huleta kikohozi na kudhuru mapafu. Ndiyo maana mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kuwa si vyema mafuta ya taa kutumiwa nyumbani.

Kisha kuna ajali. Koroboi ikipinduka huunguza watu. Mafuta yakiwekwa katika chupa ya soda, mtoto huyanywa akidhani ni kinywaji. Hilo likitokea, usimtapishe, kwani mafuta yakipanda huweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitalini.

Je, ruzuku imekuwa ikigawanywa kwa kuangalia haya? La. Imegawanywa kwa ramani.

Mwaka 2013 Tume ya Ugavi wa Mapato ilitaja kaunti 14 kuwa zilizoachwa nyuma kimaendeleo, Isiolo ikiwa mojawapo. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa KOSAP, ambao miongoni mwa malengo yake ulikuwa kufikisha sola kwa nyumba 250,000. Kaunti zilizoteuliwa zilikuwa zizo hizo 14.

Mwaka 2018 Tume hiyo ilibadilisha mtindo. Badala ya kaunti nzima, ilipendekeza fedha za Hazina ya Usawazishaji ziende kwa maeneo madogo 1,424 katika kaunti 34. Hapo ndipo malumbano yalipopamba moto. Wapo wanaosema kuwa Kaskazini ilisahauliwa tangu enzi za mkoloni, na kile kidogo ilichotengewa kisitawanywe kote nchini. Wapo wanaojibu kuwa umaskini haujui mpaka.

Kila upande una hoja yake. Dhuluma iliyofanyiwa Kaskazini ni ya kweli na haifai kufutwa kwa kalamu. Lakini ukivuka kutoka Isiolo hadi nyanda za chini za Meru, moshi wa koroboi ni ule ule, ilhali Meru haikuwa katika orodha ya 14. Nako Isiolo kwenyewe, mwenye duka mjini aliye na stima na mchungaji wa Sericho huhesabiwa sawa katika orodha hiyo.

Mpaka mwingine ni wa mita. Mpango wa serikali wa kusambaza stima, ambao mwaka 2015 ada yake ilishushwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000, ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma. Transfoma haihami. Mfugaji Mborana au Msamburu huhama akifuata malisho, na paneli ndogo ya sola ni kitu anachoweza kumfungia ngamia pamoja na vyombo vyake.

Kana kwamba hayo hayatoshi, mwaka 2018 mafuta ya taa yaliongezewa tozo ya Sh18 kwa lita, na mwaka 2020 vifaa vya sola navyo vikatozwa ushuru wa VAT hadi ulipoondolewa mwaka 2021. Mtu wa kipato cha chini alibanwa kwenye mafuta, akabanwa tena kwenye sola.

Kwa maoni yangu, ruzuku yoyote ijayo ianze na maswali matatu mlangoni. Je, nyumba hii huwasha nini usiku? Iko umbali gani kutoka kwa transfoma? Humo ndani mna mtoto mchanga, mja mzito au mgonjwa wa kifua? Anayejibu vibaya maswali yote matatu atangulie, awe ni wa kaunti gani. Kwa kipimo hicho Isiolo haitapoteza, kwa kuwa nyumba zake za mbali zitakuwa mstari wa mbele.

Kazi hiyo haihitaji tume mpya. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 wa kutembelea watu majumbani. Hao ndio wanaojua nani anakohoa.

Hata hivyo, tusijidanganye. Sola haitaondoa moshi wa kuni jikoni, ambao una sehemu kubwa katika vifo milioni 3.2 vilivyosababishwa na hewa chafu ya majumbani duniani mwaka 2020, kwa mujibu wa WHO. Jiko bora nalo linahitajika. Lakini koroboi ni adui tunayeweza kumwondoa mapema.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Basi anayekohoa masizi naye asiulizwe kaunti. Mbunge wako akija kukuomba kura, muulize amepanga nini kuhusu koroboi.