Vijana Waitwe Kabla ya Maji

Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji ya mvua yaliyokuwa yakiteremka kutoka Kijabe, nchini Kenya, yalikuta njia yao imezibwa. Chini ya tuta la reli palikuwa na upenyo uliojengwa ili mto upite, na upenyo huo ulikuwa umejaa matope, mawe na magogo. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka tuta likashindwa kuyazuia, na kijiji cha Kamuchiri karibu na Mai Mahiu kikasombwa watu wakiwa vitandani. Waliokufa walizidi 50. Taarifa za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikafafanua kuwa hapakuwa na bwawa, ila njia ya maji iliyoziba.

Naanzia kwenye tuta hilo kwa sababu kazi iliyokosekana pale haikuhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo wala mkopo wa Benki ya Dunia. Ilihitaji watu wenye sururu, sepetu na toroli wapite mwezi Januari, jua likiwaka, na mmoja wao awe na daftari la kuandika walichokikuta. Serikali zetu zina watu wa namna hiyo kwa maelfu. Wana sare, wanalala kambini, wanakula kwa fedha za umma na wanaamka kabla ya jogoo. Hoja inayofungua toleo hili ni kwamba tumezoea kuwaita maji yakishapita.

Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la Tanzania lilianza Julai 10, 1963. Mwaka uliofuata Kenya ikaanzisha huduma yake ya vijana kwa taifa, NYS. Zanzibar ina Jeshi lake la Kujenga Uchumi, JKU. Vyombo vyote vitatu vilikuzwa na kazi za mikono: kufyeka mapori, kulima, kuchonga barabara, kufundisha vijana fani. Kwa upande wa Tanzania Bara, mafunzo ya mujibu wa sheria kwa wahitimu wa shule yalisimama mwaka 1994 na kurejea 2013, na tangu hapo kijana wa kidato cha sita anajua kwamba baada ya mtihani kuna mchakamchaka, kwata, na afande asiyeridhika na chochote. Wapo wanaoyachukia mafunzo hayo na wapo wanaoyasimulia mpaka uzeeni. Sikusudii kuamua ugomvi huo hapa. Ninachouliza ni kazi gani wanapewa, na lini.

Chukua mlima Hanang wa Tanzania. Desemba 3, 2023, sehemu ya mlima iliyolowa maji ilimeguka. Alfajiri hiyo tope, mawe na miti mizima viliteremka hadi Gendabi na mji wa Katesh, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Askari na vijana wa JKT walikuwa miongoni mwa waliotafuta miili na kuzoa tope majumbani. Baadaye SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la jeshi hilo, ikapewa kazi ya ujenzi wa nyumba za walionusurika huko Waret. Ilikuwa kazi nzito na waliifanya, wanastahili shukrani. Lakini rudi nyuma miezi michache. Tangu Agosti, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza kwamba vuli ya mwaka huo ingekuja na El Nino. Ni kweli hakuna sepetu inayoweza kuuzuia mlima usimeguke. Hata hivyo utabiri wa mvua za juu ya wastani, unaosomwa redioni kwa ajili ya nusu ya nchi, haumwambii mama wa Gendabi kwamba korongo lile nyuma ya nyumba yake ndiyo njia, na kwamba akisikia mlima unanguruma akimbilie upande upi akiwa na mtoto mgongoni. Habari hiyo haiwezi kutoka Dar es Salaam wala Dodoma. Inatoka kwa mtu aliyewahi kutembea hapo na kupiga hatua, akahesabu nyumba, akauliza wazee maji ya zamani yalifika wapi.

Sasa tazama kalenda, maana ndiyo iliyotufanya tuandae toleo hili. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei. Vijana huripoti makambini kuanzia mwishoni mwa Mei au Juni, na mafunzo huchukua miezi mitatu. Masika yanakuwa yameisha, vuli bado. Katika maeneo yetu mengi yenye misimu miwili ya mvua, hicho ndicho kipindi kirefu zaidi ambacho mtaro ni mkavu, karavati linaonekana mpaka ndani, ukingo wa mto unapitika kwa miguu, na alama ya tope la Aprili bado iko ukutani kama mstari wa kalamu. Mtu akikaa chini kutafuta majira bora ya kujiandaa na mafuriko hatapata mengine. Tunayo tayari, tumeyapanga wenyewe, na tunayatumia zaidi kwa gwaride. Gwaride lina faida zake, nakubali. Lakini wiki sita zingetosha kumfundisha kijana kupiga saluti, na wiki sita zilizobaki zikawa za kazi.

Kazi yenyewe si ngeni. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza kuwapeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mitaani, katika kata zinazofurika, wakishirikiana na wakazi. Wanafunzi walitembea na simu na karatasi wakichora mitaro, vichochoro na makaravati, na kuwauliza wenyeji maji hufika wapi. Jiji la Dar es Salaam, lililokuwa limeona mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kuwahamishia wengine Mabwepande, likapata ramani ya mitaa ambayo awali ilionekana kama doa tupu. Kilichonivutia zaidi katika kazi ile ni wajumbe na wakazi wa muda mrefu kuliko teknolojia. Waliojua mtaro upi ulijengwa ukaishia kwenye ukuta wa mtu ni wao. Mwanafunzi alikuja na namna ya kuliandika jambo hilo ili mhandisi wa halmashauri asiweze kusema hakuambiwa.

Ukiniuliza nchi iliyoifikisha kazi hii mbali, nitakutajia Bangladesh, na nitakaa hapo kidogo. Novemba 1970 kimbunga kilipiga pwani ya nchi hiyo, wakati huo ikiwa Pakistan ya Mashariki, kikaua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000. Tahadhari ilikuwepo, haikufika vijijini kwa namna ya kumfanya mtu ainuke. Mwaka 1972, taifa likiwa changa na maskini kupindukia, serikali na Msalaba Mwekundu walianzisha mpango wa wajitoleaji wa vimbunga. Vifaa vyao vilikuwa vipaza sauti vya mkononi, redio, baiskeli na bendera: moja, mbili, kisha tatu kadiri hatari inavyosogea. Kila kundi lina watu wa kutoa tahadhari, wa kuongoza watu kwenye majengo ya kujikinga, wa uokoaji na wa huduma ya kwanza. Wanafanya mazoezi mvua ikiwa haipo, mbele ya watoto wanaocheka.

Mpango huo ulikosea pia, na makosa yake yanafundisha kuliko sifa zake. Kimbunga cha 1991 kiliua watu wapatao 138,000, na wanawake walikufa kwa wingi kuliko wanaume. Habari zilipita kwa wanaume sokoni na msikitini, mwanamke akabaki nyumbani akisubiri ruhusa au akiogopa kuchanganyika na wanaume kwenye jengo la kujikinga. Wajitoleaji wanawake wakaanza kuongezwa, na leo katika jeshi hilo la watu zaidi ya 76,000 wanawake ni takribani nusu. Kimbunga Sidr cha mwaka 2007 kiliua watu wapatao 3,400. Bado ni misiba mingi, na majengo ya kujikinga pamoja na kingo za bahari vina sehemu yao katika tofauti hiyo. Lakini jengo halimwamshi mtu usiku wa manane. Jirani ndiye anayemwamsha.

Karibu zaidi na sisi, Msumbiji ilijenga kamati za maafa vijijini baada ya mafuriko ya mwaka 2000, zikiwa na filimbi, baiskeli na bendera za rangi: buluu, njano, nyekundu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipotua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, wakazi wa Mtwara nao waliambiwa wajihadhari. Wengi walishangaa kusikia neno kimbunga likitajwa kwetu. Hatukupaswa kushangaa. Kimbunga kiliivuruga Zanzibar Aprili 15, 1872, kikaangusha mashamba ya mikarafuu, na kingine kikapiga Lindi Aprili 15, 1952. Kisha Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika karibu na Mafia. Upepo ulikuwa umepungua nguvu, lakini mvua yake ilikata barabara ya kwenda Lindi na Mtwara maeneo ya Somanga wilayani Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili. Msaada wa kutoka nje husafiri kwa barabara ileile inayokatika. Siku za mwanzo za janga, mtu wa Kilwa ana mtu wa Kilwa tu.

Hapa ndipo hoja yangu inapogongana na falsafa ya JKT yenyewe, na sioni sababu ya kuuficha mgongano huo. Taifa liliamua makusudi kumtoa kijana wa Kagera limpeleke Ruvuma, na wa Kigoma limpeleke Tanga, ili wale chungu kimoja na kusahau habari za kabila. Uamuzi huo umetujengea kitu ambacho majirani wanatuonea wivu. Maandalizi ya maafa, kwa upande mwingine, yanamtaka mwenyeji: anayejua bibi kipofu analala chumba kipi, na kwamba mto huanza kuvuma saa ngapi kabla ya kufika. Pendekezo langu ni kugawa muda. Nusu ya kwanza wabaki kambini, mbali na kwao, wafundishwe huduma ya kwanza, kutengeneza machela, kufunga kamba, kusoma kipimo cha maji mtoni, na kuogelea. Ni aibu kwamba tunaishi kwenye pwani na maziwa yenye vijana wengi wasiojua kuogelea. Nusu ya pili warudishwe kwenye kata zao, wakae chini ya kamati za maafa ambazo sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2022 inazitaka hadi ngazi ya kijiji. Katika vijiji vingi kamati hizo ni majina kwenye faili la mtendaji. Kijana mwenye daftari na wiki sita angeweza kuzifanya zikutane.

Nasema chini ya kamati, si juu yake. Morogoro ina kumbukumbu ya kinachotokea mpangilio ukigeuzwa. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchonga matuta milimani ili kuhifadhi udongo. Mabwana shamba walikuwa na hoja, mmomonyoko ulikuwepo, lakini kazi ilikuja kama amri na adhabu, na mwaka 1955 watu waliinuka Matombo. Mpango ukafa. Rwanda imejaribu njia nyingine kwa umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na mitaro mingi ya kuzuia mmomonyoko imechimbwa hivyo. Hata hivyo, Mei 2023 mvua ya usiku mmoja iliua zaidi ya watu 130, wengi magharibi mwa nchi, mto Sebeya ukiwa umefurika. Mikono ya wananchi ina mpaka wake. Mahali pa ukuta wa zege pajengwe ukuta wa zege, na mahali pasipostahili kukaliwa na mtu pasigawiwe viwanja kwa mhuri wa ofisi halafu tukawatuma wanafunzi kuzibua mitaro.

Kuna pingamizi jingine ambalo wasomaji wetu wa Nairobi watalitoa hata kabla hawajafunua ukurasa wa pili: fedha. Wanazikumbuka kashfa za NYS za 2015 na 2018, na wana haki. Programu yenye vijana wengi, vifaa vingi na zabuni za haraka ni shamba zuri la wezi. Sina dawa ya jumla ya wizi. Najua tu kwamba mpango ninaousema unahitaji vitu vichache vya kununua. Sepetu zipo makambini, chakula kimeshapangiwa bajeti, nauli ya kumrudisha kijana kwao inalipwa vilevile. Kinachoongezeka ni walimu wa huduma ya kwanza, bima ya vijana wakiwa kazini, na daftari. Bima isiachwe. Kijana anayeingia kwenye karavati kwa amri ya taifa akiumia ni jukumu la taifa.

Marekani wana lao la kutuonya. Walianzisha FEMA Corps mwaka 2012, kikosi cha maafa cha vijana wa AmeriCorps, mpango wa taifa wa kujitolea, na Aprili 2025 vijana wa NCCC, programu ya AmeriCorps inayokibeba kikosi hicho, wakarudishwa nyumbani kabla ya muda wao kwa sababu ya upunguzaji wa matumizi. Kazi ya maandalizi ndiyo rahisi kukatwa kuliko zote, kwa kuwa ikifanikiwa hakuna picha ya kuonyesha. Ndiyo maana tunataka iandikwe kwenye kanuni za mafunzo ya mujibu wa sheria, pamoja na sharti moja dogo: kila kijana, kabla ya kupewa cheti chake Septemba, akabidhi kwa mtendaji orodha ya mitaro na makaravati aliyoyakagua, nyumba zilizo njiani mwa maji, na watu wasioweza kukimbia peke yao. Nakala moja iende wilayani. Mtendaji asaini kuwa ameipokea, na tarehe iandikwe.