Mizigo Tuliyohama Nayo



Wenzangu wa kamati wameniomba niandike juu ya utulivu wa moyo. Nimeona bora nianze na Mkristo mmoja, ingawa mimi nimelelewa chuoni na hadi leo nasali kama nilivyofundishwa na mwalimu wangu. Atakayenuna na anune, lakini anisome mpaka mwisho.

Mkristo huyo ni Festo Kivengere, mtu wa Kigezi, Uganda. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa ualimu kama yangu, na miaka ya 1940 na 1950 alifundisha Dodoma. Alitokana na ule uamsho ulioenea Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ambao watu wake walikuwa na ada ya kuungama makosa hadharani na kumwendea kila waliyemkosea. Yeye mwenyewe alipookoka alipanda baiskeli, akaenda maili nyingi kumtaka radhi mmishenari wa Kizungu aliyekuwa akimchukia. Hebu litazameni jambo hili: mwenye chuki ndiye aliyekwenda kuomba radhi. Sisi kwetu mwenye chuki hungoja kuombwa.

Mwaka 1972 alifanywa Askofu wa Kigezi. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Tarehe 16 mwezi huo huo Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Kivengere akaonywa kwamba anatafutwa. Yeye na mkewe wakavuka milima kwa miguu usiku, wakaingia Rwanda. Basi akawa mkimbizi, kama wengi wetu tunaokisoma kitabu hiki cha mwaka.

Hapa ndipo aliponishika. Askofu huyu hakujifanya malaika. Alikiri kwamba uchungu juu ya Amin ulikuwa ukimla moyo, na kila siku ukizidi. Ijumaa Kuu ya mwaka ule alikuwa London, kanisani, akisikiliza habari za Yesu kuwaombea msamaha waliomsulubu. Akaona kwamba haiwezekani awahubirie watu amani ambayo yeye mwenyewe hana. Akamsamehe. Mwaka huo huo akatoa kitabu chenye jina I Love Idi Amin. Mtu aliyefiwa na mwanawe Kampala angelisoma jina hilo akakitupa kitabu, nami nisingemlaumu.

Walakini angalieni: wakati ule Amin yu madarakani bado, hakutubu wala hakuomba radhi. Tulifundishwa chuoni kwamba Nabii Yusuf aliwasamehe ndugu zake, lakini wao walikuwa wamesimama mbele yake wakihitaji chakula, naye ana nguvu. Huyu alisamehe mikono mitupu. Tena kusamehe hakukumfunga mdomo, kwani aliendelea kuyasema maovu ya utawala ule waziwazi. Msinielewe basi kwamba nasema tusahau, au tuwafiche watoto wetu yaliyotokea. La hasha. Nilikuwa mwalimu, na mwalimu hafuti tarikhi.

Ninalolisema ni kwamba sisi tumehama na masanduku mawili. La nguo lilikwisha zamani. La pili tunalifungua kila harusi, wali ukishaliwa, na majina ya watu wa 1964 yakaanza kupita pamoja na kahawa. Wamo wajukuu waliozaliwa hapa Uingereza wanaojua majina ya mahasimu wa babu zao kabla ya kujua majina ya mitaa ya Mji Mkongwe. Kisha twashangaa kwamba tunasali, tunafunga, tunatoa sadaka, na usiku hatulali. Sura ya Al-Fajr inataja nafsi iliyotua. Nimeifundisha miaka mingi, na kwa hakika ilikuwa mdomoni mwangu tu.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka mitano walipokuja nyumbani kumchukua baba. Mmoja kati yao alikuwa mtu tunayemjua. Miaka mingi baadaye aliletwa hapa na binti yake kwa matibabu, na siku moja katika matanga alininyoshea mkono. Nikajifanya natafuta viatu vyangu. Hakupita mwaka, akafariki.

Kitabu cha Kivengere niliazimwa na mzee mmoja wa jumuiya yetu, Mgogo, mzee wa kanisa. Hakuniambia niache dini yangu, wala hakuniuliza kama nimemaliza kukisoma. Alikuwa akija Jumamosi, tunakunywa chai, anazungumza habari za magoti yake. Mihadhara ya kushindana, Waislamu na Wakristo, kila mmoja na kitabu cha mwenzake mkononi, nimehudhuria tangu ujana wangu, na sijamwona aliyetoka pale moyo umetua. Wenye koo zilizokauka nimewaona wengi.

Nilimwendea yule binti. Nikampa pole niliyochelewa nayo, nikamwambia kwamba marehemu baba yake alinipa mkono nami sikuupokea, na kwamba naomba radhi. Hakuniuliza sababu, na sijui kama anaijua. Wako katika jamaa zangu walionitolea maneno kwa jambo hili, wakasema nimemuuza baba. Nimewasikia, na sina hasira nao, maana mwaka juzi ningeyasema hayo hayo.

Ramadhani iliyopita alituletea sahani ya futari, na mke wangu akaijaza vitumbua akairudisha. Jina la baba yake bado linanikwama kooni. Lakini mlango wanabisha, na tunafungua.