Waokota chupa wasaidiwe kuacha ulevi



Natoa maoni yangu kuhusu ndugu zetu waokotao chupa na vyuma chakavu katika miji ya Nachingwea na Ruangwa. Wapo wanaolipwa jioni kwenye mizani, na fedha hiyo ikaishia kwenye nipa na sigara kabla haijafika nyumbani. Mwanafunzi wangu mmoja hukosa masomo ili akaokote chupa badala ya baba yake.

Sheria ya mwaka 1966 inakataza kupika gongo bila kibali, na viroba vilipigwa marufuku Machi 1, 2017. Hatua hizo ni nzuri, lakini mlevi wa siku nyingi haponi kwa msako. Akiachishwa ghafla bila daktari anaweza kuanguka kifafa, hata kufa.

Naomba hospitali zetu za wilaya ziwapokee kama wagonjwa. Wanunuzi nao wawawekee akiba, kwa hiari yao, hadi mwisho wa juma. Vijana na wanawake waunde vikundi, waombe mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Tusiwacheke, wao ndio wanaotusafishia miji.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Nachingwea.