Sheria za mazingira zizibe ufa mapema

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sheria zetu za mazingira zastahili kupimwa kwa kipimo hicho. Je, huuziba ufa, au hungoja ukuta uanguke ndipo ziamke?

Tukumbuke tulikotoka. Mnamo 1989, marehemu Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kupinga ujenzi wa jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Kesi ilitupwa kwa hoja kwamba hakuonyesha jinsi yeye binafsi alivyodhurika. Hivyo, mali ya kila mtu ikawa haina mtetezi mbele ya sheria. Bustani ile iliokolewa na kilio cha umma, si na mahakama.

Mfumo wa vyama vingi ulirejea Desemba 1991, lakini mlango huo haukufunguka siku hiyo. Ilitubidi tungoje Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, kisha Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 cha Katiba humpa kila mtu haki ya mazingira safi na salama kwa afya. Kifungu cha 70 humruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Naam, raia hahitaji tena kusubiri msiba ndipo alalamike; anaweza kuuzuia.

Je, tumeitumia nafasi hiyo? Mifano miwili ya Pwani inatosha kutufunza.

Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia wakazi sumu ya madini ya risasi hadi kilipofungwa mwaka wa 2014. Mnamo Julai 2020, mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na asasi za serikali zilizopaswa kuwalinda zikabebeshwa sehemu ya lawama. Rufaa zikafuata, hadi Mahakama ya Juu ilipoirejesha fidia hiyo Desemba 2024. Nawapongeza majaji. Hata hivyo, hakuna shilingi iwezayo kumrudishia mtoto akili iliyodhoofishwa na sumu.

Kule Lamu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mnamo Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifutilia mbali leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Uamuzi huo ulitolewa kabla ya kipande kimoja cha makaa kuchomwa. Huko ndiko kuziba ufa.

Wapo watakaosema kwamba ukali wa sheria utawafukuza wawekezaji ilhali vijana hawana kazi. Sikatai kwamba ajira inahitajika. Lakini mwekezaji anayekwepa maswali kabla ya kujenga, atatupa majibu gani akishajenga?

Kwa maoni yangu, mambo mawili hayana budi kutekelezwa. Kwanza, muhtasari wa kila ripoti ya athari za mradi kwa mazingira uandikwe kwa Kiswahili chepesi, na uwekwe katika afisi ya chifu, shule, misikiti na makanisa mapema kabla ya kikao cha umma. Mtu hawezi kushauriwa kwa lugha asiyoielewa. Pili, afisa anayetia sahihi leseni kinyume cha sheria awajibike yeye mwenyewe, badala ya mzigo wote kumwangukia mlipa ushuru miaka mingi baadaye.

Nawageukia sasa walimu na wanafunzi. Vyama vya mazingira shuleni vimefanya kazi ya kusifika ya kupanda miti, na Katiba yenyewe inaitaka serikali ijitahidi kufikisha miti katika asilimia 10 ya ardhi yetu. Lakini mche uliopandwa Ijumaa utafaa nini ikiwa Jumatatu leseni ya kuufyeka itatiwa sahihi kwa siri? Mwanafunzi afunzwe pia kusoma tangazo la mradi, kuuliza swali kikaoni na kuandika pingamizi kwa adabu na ushahidi.

Demokrasia yetu ingali changa, na haiwezi kukomaa kwa kura ya kila miaka 5 pekee. Itakomaa pale mwananchi wa kawaida atakapoujua mlango wa sheria na kuubisha mapema.