Chembe Isiyoonekana na Onyo Lisilosomeka

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Hata hivyo mwiba, ingawa ni mdogo, huonekana na huchoma. Aliyechomwa hujua alipochomwa. Karne hii imeleta vitu vidogo visivyoonekana kwa macho wala visivyochoma. Swali linalozuka ni hili: mtu atajikinga vipi na kitu asichokiona, asichokihisi, na ambacho hata jina lake hajalisikia katika lugha yake?

Nanoteknolojia ni taaluma ya kuunda na kutumia vitu ambavyo vipimo vyake ni baina ya nanomita 1 na 100. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, ilhali upana wa unywele wa binadamu hukadiriwa kuwa nanomita 80,000 hivi. Neno lenyewe lilitumiwa na msomi wa Kijapani, Norio Taniguchi, mwaka wa 1974. Leo mazao ya taaluma hii yamo katika rangi za kuta, vipodozi vya kukinga jua, nguo zisizonuka jasho, na dawa.

Ingekuwa dhuluma kuisawiri nanoteknolojia kama zimwi. Mwaka wa 2015 mhandisi Askwar Hilonga wa Arusha, Tanzania, alituzwa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kwa kubuni chujio la maji linalotumia teknolojia hiyohiyo. Aidha, baadhi ya chanjo za UVIKO-19 zilifikishwa mwilini zikiwa zimefungwa ndani ya chembe ndogo mno za mafuta. Anayepinga kila kitu chenye jina la nano, basi, anapinga pia maji safi na kinga.

Tatizo liko kwingine. Kitu kikigawanywa vipande vidogo sana, hubadilika tabia. Sukari guru huchelewa kuyeyuka katika chai ilhali sukari ya chembe huyeyuka upesi, kwa kuwa eneo lake linalogusana na maji ni kubwa zaidi. Vivyo hivyo, madini yaliyozoeleka kuwa hayana madhara yanapokuwa donge, huenda yakatenda tofauti yanapokuwa vumbi la nano. Vumbi hilo likivutwa kwa pumzi hufika hadi vifuko vya ndani kabisa vya mapafu. Kwa hiyo kipimo cha usalama kilichotolewa kwa donge hakiwezi kutumiwa moja kwa moja kuidhinisha vumbi.

Mfano bora ni neli za kaboni. Mwaka wa 2008 watafiti wa Edinburgh, Uskoti, walionyesha kuwa neli ndefu zilizonyooka, zilipodungwa ndani ya fumbatio la panya, zilisababisha uvimbe unaofanana na ule wa asbesto. Neli fupi au zilizojiviringa hazikufanya hivyo. Sababu ni kwamba seli za ulinzi humeza uchafu, lakini zikikutana na uzi mrefu kuliko zenyewe hushindwa kuumeza. Mwaka wa 2014 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitaja aina moja ya neli hizo kuwa huenda husababisha saratani kwa binadamu. Kuhusu aina nyinginezo, ushahidi haukutosha.

Asbesto yenyewe ni somo lisilofaa kusahauliwa. Wakaguzi wa viwanda wa Uingereza waliripoti madhara ya vumbi lake mwaka wa 1898. Mwaka wa 1960, daktari J. C. Wagner na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wa saratani ya utando wa mapafu nchini Afrika Kusini, wengi wao wakihusishwa na machimbo ya asbesto ya Cape. Baadhi hawakuwa wachimbaji. Waliishi tu karibu na machimbo. Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya kila aina mwaka wa 1999, zaidi ya karne moja baada ya onyo la kwanza. Nchini Kenya, kazi ya kuondoa mapaa ya asbesto ilianza baada ya watu kuishi chini yake kwa miaka mingi.

Wapo wanaohoji kwamba nchi inayotafuta viwanda haina nafasi ya kuhofia madhara ambayo hayajathibitishwa. Hoja hii ina mashiko kiasi, kwani wataalamu wenyewe hutofautiana. Titani dayoksaidi, unga mweupe ambao sehemu ya chembe zake ni za nano, ilitumiwa kwa miaka mingi kung'arisha peremende. Mwaka wa 2021 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema haiwezi tena kuuona kuwa salama katika chakula, na mwaka wa 2022 Umoja wa Ulaya ukaupiga marufuku. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO ilipoupima mwaka wa 2023 haikufikia uamuzi huo. Hata hivyo, kutofautiana huku si hoja ya kunyamaza. Palipo na shaka ndipo mtu anapohitaji zaidi kuambiwa anachokula ili aamue mwenyewe. Ndiyo maana tangu mwaka wa 2013 vipodozi vinavyouzwa katika Umoja wa Ulaya hulazimika kuandikwa neno nano kando ya kiambato kinachohusika. Lebo haipigi marufuku wala haitishi, inafahamisha.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapoingia. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji na kulindwa afya yake. Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Lakini fundi wa jua kali anayepiga msasa ukuta au kunyunyiza rangi hukuta onyo la mkebe limeandikwa kwa Kiingereza cha maabara. Yeye ndiye anayevuta vumbi, si mnunuzi wa nyumba iliyokwisha kupakwa. Onyo asiloweza kulielewa halina tofauti na onyo ambalo halikuandikwa.

Kazi ya istilahi si pambo la makongamano. Neno hatari, mathalani, hubebeshwa dhana mbili: uwezo wa kitu kudhuru, na uwezekano wa madhara hayo kumfika mtu. Simba aliye kizimbani ana uwezo wa kudhuru, lakini anayemtazama kutoka nje ya vyuma hana la kuhofu. Chembe iliyogandishwa ndani ya plastiki ni simba wa kizimbani. Chembe iliyo hewani ni simba wa njiani. Lugha isiyotenganisha mambo haya mawili humfanya msikilizaji ama aogope kila kitu ama asiogope chochote.

Yafaa, basi, serikali idai bidhaa zenye chembe za nano zitajwe wazi, kwa Kiswahili pia, na waajiri watoe vifaa vya kufaa vya kuzuia vumbi. Yafaa vilevile idara za Kiswahili zikae na idara za kemia na tiba, ziunde istilahi na kuzijaribu kwa mafundi wenyewe kabla ya kuzifungia kamusini. Asbesto ilikuwa na majina na ushahidi, ila onyo halikumfikia aliyelihitaji kwa wakati. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu, kwa kiasi kikubwa, ni wa lugha.