Mawese Tusiyachome Hadi Yawe Meupe

Wazazi wenzangu wa Fizi na Baraka, naomba tusikilizane juu ya chungu kilichoko jikoni.

Wengi wetu tumeishi ng'ambo ya ziwa, katika kambi za Kigoma. Kule tuligawiwa mafuta yaliyoongezewa vitamini A kiwandani, kwa kuwa mtoto anayeikosa huanza kutoona jua linapozama, na surua ikimpata humwelemea. Sasa tuko kwetu, penye michikichi. Wekundu wa mawese ndio mwili huugeuza kuwa vitamini hiyo hiyo, wala hatuhitaji kiwanda. Nasi twafanya nini? Twayachoma mpaka moshi utande nyumba nzima na mafuta yawe meupe, tukidhani tumeyasafisha. Jamani, tumeunguza dawa ya macho ya watoto wetu! Yatieni mekundu kwenye maharage, au kwenye sombe ikikaribia kuiva. Hata lengalenga huufaa mwili zaidi zikiliwa na mafuta.

Nije kwa ndagala. Usiku usio na mbalamwezi taa hujaa ziwani, na asubuhi samaki hununuliwa wote. Sikatai kuuza, ada ya shule haijilipi. Lakini nyumba ya mvuvi ambamo watoto wanatowelea ugali mchuzi wa vidonge vya dukani hunitia uchungu. Kidonge kile huleta chumvi na harufu, basi. Ndagala huliwa mzima, na mifupa yake, na akikaushwa vizuri na kutwangwa, unga wake huingia katika uji wa mtoto anayeachishwa ziwa. Tumwanike juu ya kichanja, si mchangani, maana mchanga ukishaingia hautoki.

Muhogo nao unataka subira, na hapa sitasema kwa upole. Muhogo mchungu una sumu, na maji ndiyo huipunguza: siku tatu, si usiku mmoja. Najua njaa na kukimbia-kimbia kwa vita hufanya mama autoe majini mapema. Lakini konzo, ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo, haina msamaha: mtu hulala mzima, akaamka miguu imekakamaa, wala haitapona. Iliandikwa na daktari Trolli mwaka 1938 kutoka Kwango, ikaonekana Tarime, Tanzania, mwaka 1985, na hapa hapa Kivu Kusini imeonekana Burhinyi. Huwapata hasa wanaokula muhogo mtupu, kwa sababu mwili huhitaji protini ili kuiondoa sumu. Kwa hiyo wale ndagala tunaowauza wote walikuwa pia kinga ya ugali wetu.

Unga ukikutia shaka, usiutupe. Uchanganye na maji hadi uloe, uutandaze mwembamba juani kwa saa mbili, sumu ipae hewani, kisha upike ugali siku hiyo hiyo. Mama yeyote aweza kufanya hivyo bila kununua kitu.

Na akina baba, msiseme haya ni mambo ya wanawake. Mwenye mtumbwi ndiye anayeamua kiasi gani kinauzwa. Kabla ndoo ya mwisho haijapandishwa pikipiki, mpimieni mama sehemu ya nyumba, ya leo na ya kuanika, ndipo mhesabu fedha.