Singapore Tumesikia, Nauru Je?

Kila mwanasiasa akishika maiki ni Singapore, Singapore. Ati ilikuwa maskini kama sisi, itazameni leo. Sawa. Lakini mbona hakuna anayetusimulia habari za Nauru?

Nauru ni kisiwa cha Pasifiki, kilomita za mraba 21 tu, kilichojaa fosfeti. Uingereza, Australia na New Zealand waliichimba wakarutubisha mashamba yao. Uhuru ulipokuja 1968, wenyeji wakaendelea kuchimba, wakawa kati ya watu tajiri zaidi duniani. Serikali ikajenga jumba la ghorofa 52 huko Melbourne. Mwaka 1993 pesa za umma zikagharimia mchezo wa nyimbo kuhusu Leonardo da Vinci kule London. Haukumaliza hata miezi miwili.

Fosfeti ikaisha. Jumba likauzwa 2004 kwa ajili ya madeni. Katikati ya kisiwa pamebaki miamba mitupu, na kuanzia 2001 Australia imekuwa ikiwalipa, kwa vipindi, wamhifadhie wakimbizi isiowataka kwake.

Mimi niliacha chuo kwa kukosa karo, kwa hivyo msiniambie nivumilie, mambo ni polepole. Nikisikia mkopo mpya, mgodi mpya na sherehe mpya ya uzinduzi, sioni Singapore hapo. Naona watu wanaokula mbegu halafu wanatuahidi mavuno.

Nauru haikuangushwa na udogo wake. Iliangushwa na waliotumia mtaji wa watoto kama mshahara wao. Kwa hivyo akikutajia Singapore tena, muulize tu: hesabu iko wapi?